Mtoto Achore la Kwake

Kujieleza kwa mwanafunzi katika somo la sanaa maana yake ni kuweka kwenye karatasi, udongo au kitambaa jambo alilolichagua yeye, kwa namna aliyoiamua yeye. Mwalimu hupanga kazi, hugawa vifaa na huweka muda, lakini kitakachoonekana mwishoni hakijulikani mpaka mwanafunzi amalize. Kazi arobaini zikikusanywa na zote zikafanana, basi aliyejieleza ni mwalimu peke yake.

Kufanana huko ndiko kwa kawaida katika shule nyingi za Tanzania, na Songea, mkoani Ruvuma, haina upekee katika hilo. Mwalimu huchora chungu ubaoni, au bendera, au nyumba yenye mlima nyuma yake na jua linalochomoza. Wanafunzi hunakili, madaftari hukusanywa, na chungu kinachokaribia kile cha ubaoni hupata kumi kwa kumi. Mtoto ambaye bibi yake ni mfinyanzi, na anayejua kwamba mtungi wa maji na chungu cha mboga havifanani shingo, hana mahali pa kuutumia ujuzi wake. Atajifunza haraka kwamba chungu cha shuleni ni kile cha mwalimu.

Sababu za mazoea haya zinaeleweka. Kiwango cha serikali katika shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na madarasa mengi yamekipita. Kipindi ni cha dakika 40, na sehemu yake huishia katika kugawa na kukusanya vifaa. Walimu waliosomea sanaa ni wachache. Chuo cha Ualimu Butimba cha Mwanza kimejulikana kwa kuwaandaa, lakini wengi wanaofundisha somo hili wamepewa tu kwa kuwa ratiba imewaangukia. Tena mtihani wa kumaliza darasa la saba hauna karatasi ya uchoraji, kwa hiyo tarehe ya mtihani ikikaribia, kipindi cha kwanza kuazimwa na hisabati ni cha sanaa, na aghalabu hakirudishwi. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo, na unasisitiza umahiri, yaani kile mwanafunzi anachoweza kukitenda, kuliko kukariri. Ila mtaala hauwezi kumzuia mwalimu kuchora chungu ubaoni.

Kinachoshangaza ni kwamba eneo hilihili limetoa ushahidi mkubwa wa kile ambacho mtu anaweza kukichora bila kuamriwa. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, ambayo sasa iko mkoani Ruvuma. Alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa kutumia vitu vilivyokuwa karibu naye: vipande vya mbao za dari na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Hakuwa na cheti cha sanaa. Mara nyingi alimweka mnyama mmoja mkubwa katikati ya ubao, akamzungushia rangi moja tambarare, akamjaza madoa. Shingo ya ndege ikizidi ubao, aliikunja. Katika darasa la kunakili, picha kama hizo zingerudishwa na kalamu nyekundu juu yake. Tingatinga alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani.

Kisa hicho kina upande wa pili ambao husahaulika. Wanafunzi wa Tingatinga, ambao wengi walikuwa ndugu na jamaa zake, walijifunza kwa kumtazama na kumwiga, na waliofuata wakawaiga wao. Ndiyo maana leo maduka ya vinyago na picha kuanzia Unguja hadi Arusha yamejaa twiga na tembo waliotoka mkono mmoja hata kama waliochora ni mia. Kuiga kumewalisha watu na si jambo la kudharauliwa; hata wachongaji wa Kimakonde huanza kwa kupiga msasa na kurudia maumbo ya wakubwa wao. Swali ni kama kuiga ni hatua au ni kituo cha mwisho. George Lilanga, mzaliwa wa wilaya ya Masasi, alianzia katika uchongaji huohuo wa Kimakonde. Alipofika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, alipata karatasi, vitambaa na rangi, akawahamishia humo mashetani yake wenye masikio makubwa na vidole vichache, na hakuna aliyemwambia kwamba binadamu ana vidole vitano.

Ushahidi wa zamani zaidi unatoka kwa Mjerumani Karl Weule, aliyesafiri kusini mwa nchi mwaka 1906, wakati Vita vya Maji Maji havijaisha. Alielekea Lindi, Masasi na Newala. Huko aliwapa wapagazi wake na wenyeji karatasi na kalamu za risasi, akawaacha wachore. Baadhi yao hawakuwahi kushika kalamu, na bado walichora wanyama, watu na mambo waliyoyaona safarini. Weule alizichapisha baadhi ya picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1908. Alizikusanya kwa macho ya mtaalamu wa kikoloni aliyetaka kuwapima Waafrika, na hilo lisifichwe, lakini picha zenyewe zinaonyesha kwamba watu hawakuhitaji kielelezo ubaoni ili wawe na la kuchora.

Mjadala wa namna ya kufundisha bila kumfunika mwanafunzi ulianza mapema Afrika Mashariki. Margaret Trowell alianzisha masomo ya sanaa Makerere, Uganda, mwaka 1937. Badala ya kuwapa wanafunzi vielelezo, aliwasimulia tukio, akawataka walione kichwani, kisha walichore walivyoliona. Miongoni mwa waliopita Makerere ni Sam Ntiro, aliyechora maisha ya vijijini Kilimanjaro na baadaye akaiwakilisha Tanganyika kama balozi jijini London, na Elimo Njau wa Marangu, ambaye kwa miongo mingi amewaonya vijana wasinakili kazi za wengine. Hata hivyo Trowell alikosolewa kwamba, kwa kuogopa kuwaharibu wanafunzi, aliwanyima elimu ya kivuli, umbali na nadharia ya rangi. Cecil Todd, aliyemrithi mwishoni mwa miaka ya 1950, aliyafundisha hayo waziwazi pamoja na historia ya sanaa ya Ulaya. Mwalimu wa Songea hana haja ya kuchagua upande. Mwanafunzi asiyejua kuchanganya rangi hana uhuru wa rangi, na anayejua kuchanganya lakini hana la kusema atarudia chungu kilekile, safari hii chenye kivuli kizuri.

Kabla ya kumwongoza mtoto inafaa kujua anavyochora kwa umri wake. Viktor Lowenfeld, aliyefundisha Marekani baada ya kutoka Austria, alizieleza hatua hizo katika kitabu chake cha mwaka 1947. Mtoto wa miaka miwili hadi minne huchora mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ni kazi, si uchafu. Kuanzia miaka minne hivi anatokea mtu mwenye kichwa kikubwa na miguu inayoota kidevuni. Kati ya miaka saba na tisa mtoto huwapanga watu wote juu ya mstari mmoja wa ardhi, humchora mama mkubwa kuliko nyumba kwa sababu mama ndiye muhimu, na huonyesha sufuria iliyo ndani kana kwamba ukuta ni wa kioo. Mwalimu asiyejua hili huyaona makosa na kuyafuta. Shida kubwa huja kati ya miaka tisa na kumi na miwili. Hapo mtoto huanza kulinganisha picha yake na kitu halisi, huona haifanani, na wengi husema hawajui kuchora na kuacha moja kwa moja. Huo ndio umri wa darasa la nne hadi la sita, na ndipo mafunzo ya mbinu yanapohitajika zaidi: namna ya kuonyesha kilicho mbali, uwiano wa mwili, mwanga unapotokea. Mbinu hapo zinamwokoa mtoto asikate tamaa.

Wapo walimu wanaodhani uhuru ni kusema, “Leo kila mtu achore anachotaka.” Agizo hilo huzaa bendera, maua na magari, kwa kuwa mtoto aliyeshtukizwa hukimbilia alichokwisha kukichora mara nyingi. Kazi nzuri huwa finyu kwa swali na pana kwa jibu. Kuchora mvua kubwa iliyowakuta watu njiani ni swali finyu, lakini kila mtoto ana mvua yake. Songea haina uhaba wa maswali ya namna hiyo. Mwanafunzi anaweza kuchora msimu wa mavuno bila kuchora hindi hata moja, akalazimika kutafuta magunia, baiskeli iliyoelemewa, mikono yenye malengelenge, au ugomvi wa bei. Anaweza kuchora ngoma ya lizombe kama anavyoiona aliye ndani ya duara, kisha kama anavyoiona mtoto aliyebebwa mgongoni. Milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma unaanzia, inaweza kuchorwa na aliyeipanda kutafuta kuni na aliyeitazama tu kutoka mjini, na picha mbili hizo zisikutane popote.

Makumbusho ya Maji Maji yaliyopo mjini Songea ni darasa la namna yake. Hapo ndipo kila tarehe 27 Februari hukumbukwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akiwemo Nduna Songea Mbano ambaye mji unabeba jina lake. Ziara za shule nyingi huishia kwa kunakili maandishi na sanamu za machifu. Mwalimu wa sanaa anaweza kuuliza jingine: nani hana sanamu hapa? Mwanafunzi atakayemchora mke aliyebaki, mtoto aliyekuwa akichungulia, au shamba lililoachwa, atakuwa ameingia katika historia kwa mlango ambao kitabu hakikuufungua.

Vifaa visiwe kisingizio. Makaa yaliyopoa huchora kuliko penseli nyingi, masizi yaliyochanganywa na uji mwembamba hutoa rangi nyeusi, na udongo mwekundu, wa njano na mweupe ambao wenyeji hupakia kuta hushika vizuri kwenye boksi lililokatwa. Mabua ya mahindi, magome, vitambaa vya fundi cherehani na waya ni vifaa ambavyo watoto huvitumia tayari kutengenezea magari na wanasesere nje ya shule. Kwa darasa la watu 80, kuwagawa katika vikundi, wengine wakifinyanga nje na wengine wakichora ndani, huwezekana bila gharama, ingawa kelele zitaongezeka na mwalimu mkuu atapaswa kuelewa.

Maneno ya mwalimu hupima uhuru kuliko kitu kingine chochote. Watoto wengi wamelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na swali “Hii ni nini?” husikika kama shutuma. “Nieleze kuhusu kazi yako” humpa mtoto nafasi ya kuzungumza. Sifa ya “nzuri” kwa kila karatasi haifundishi kitu. Afadhali kusema kwamba mstari huu mzito umemfanya ng'ombe aonekane amechoka. Mwalimu asiishike kalamu na kusahihisha juu ya karatasi ya mwanafunzi. Akitaka kuonyesha mbinu, achukue karatasi yake, kisha aitoe machoni pa darasa kabla haijawa kielelezo kipya.

Mtoto akipewa nafasi ya kusema, anaweza kusema jambo zito. Picha ya kipigo nyumbani au ya mtu anayeogopwa haitakiwi kubandikwa ukutani wala kujadiliwa mbele ya wenzake. Picha pekee si ushahidi, na mwalimu wa sanaa si mpelelezi. Asikilize faraghani, kisha amshirikishe mwalimu wa malezi na unasihi, na ikibidi ofisi ya ustawi wa jamii. Mtoto akigundua kwamba siri yake imekuwa gumzo la ofisi ya walimu, hatachora tena kitu cha kweli.

Kuhusu alama, hofu ya walimu ni kwamba kazi zisizofanana haziwezi kusahihishwa kwa haki. Zinaweza, mradi kinachopimwa kitajwe kabla ya kazi kuanza: kama mwanafunzi amejibu swali kwa wazo lake, kama ametumia mbinu iliyofundishwa wiki hiyo, kama amejaribu zaidi ya mara moja, na kama anaweza kueleza alichochagua na kwa nini. Daftari la michoro ya majaribio, yenye makosa yake yote, huonyesha maendeleo ya muhula vizuri kuliko picha moja safi. Kufanana na kielelezo kuondolewe kwenye orodha hiyo kabisa.

Walimu wakuu na waratibu elimu kata wanaweza kuanza na jambo lisilohitaji bajeti: kipindi cha sanaa kilichoandikwa kwenye ratiba kifundishwe hadi mwisho wa mwaka, hata katika darasa la mtihani, na mwalimu anayekifundisha asiulizwe kwa nini picha za wanafunzi wake hazifanani.