Habari za Ozoni na Kazi ya Bwana Farman

Mfugaji wa Sericho huhesabu mifugo yake kila jioni irudipo bomani, hata siku ambayo hana sababu ya kudhani kwamba mmoja amepotea. Kazi ya Bwana Joe Farman, mtaalamu wa Kiingereza, ilikuwa ya namna hiyo hiyo, ila yeye alihesabu kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni hewa iitwayo ozoni.

Ozoni nyingi imo angani juu sana, baina ya kilometa 15 na 35 hivi kutoka ardhini. Nayo ni haba ajabu. Lau ingekusanywa yote na kushushwa hapa chini, unene wake ungekuwa milimita 3 tu, na katika nchi zilizo karibu na Ikweta, kama hii yetu, usingezidi sana milimita 2.5. Utando huo mwembamba ndio uzuiao miale mikali ya jua iletayo kansa ya ngozi na mtoto wa jicho. Ngozi nyeusi ina kinga yake, lakini jicho la mchungaji akaaye juani mchana kutwa halina kinga kama hiyo. Na watu wenye ualbino ndio wapatao taabu kupita wote.

Bwana Farman alizaliwa Norwich mwaka 1930, akasoma Cambridge, na mwaka 1956 akaingia katika utumishi wa Waingereza wa kuchunguza Antaktika, nchi ya barafu iliyo kusini kabisa mwa dunia. Huko, katika kituo cha Halley Bay, ozoni ilipimwa kwa chombo kilichobuniwa na Profesa Dobson wa Oxford. Mwaka baada ya mwaka hesabu zikaandikwa, wala hapakuwa na jambo la kushangaza. Kazi ya namna hii haimpatii mtu sifa upesi.

Kisha, ilipoanza miaka ya 1980, ozoni ya mwezi wa Oktoba ikaonekana kupungua. Bwana Farman hakukimbilia kutangaza. Alishuku kwamba chombo kimechakaa, kikapelekwa kingine kipya, nacho kikatoa jibu lile lile. Setilaiti za Marekani zilikuwa zikipita juu ya mahali hapo, lakini hesabu zao zilizokuwa ndogo mno zilitiwa alama ya shaka. Mwezi wa Mei 1985, yeye na wenzake, Bwana Gardiner na Bwana Shanklin, walitangaza katika gazeti la Nature kwamba thuluthi moja hivi ya ozoni ya Oktoba imetoweka.

Mshtakiwa alikwisha kujulikana. Mwaka 1974 Bwana Molina na Bwana Rowland, huko California, walionya juu ya gesi za klorofluorokaboni, zilizotumiwa katika friji na katika makopo ya kupulizia dawa. Gesi hizo hazishiki moto wala si sumu, na kwa hiyo zilipendwa sana. Lakini kwa kuwa haziharibiki upesi, hupanda hata juu, na huko jua huzivunja na kuitoa klorini, ambayo chembe yake moja huweza kuangamiza maelfu ya chembe za ozoni.

Hapo ndipo Nairobi ilipoingia katika habari hii. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake huko, lilikuwa chini ya Dakta Mostafa Tolba wa Misri, naye alijitahidi sana kuzipatanisha serikali. Mapatano yalitiwa sahihi mjini Montreal tarehe 16 Septemba 1987, na ofisi ya kuyasimamia iko Gigiri mpaka leo.

Yafaa ieleweke kwamba kupungua kwa ozoni siko kulikozuia mvua. Misimu mitano iliyokosa mvua kaskazini mwa Kenya, tangu mwishoni mwa 2020 hata 2022, ilikuwa na sababu nyingine. Hata hivyo mambo haya mawili yana udugu, kwa maana gesi zizo hizo huizidishia dunia joto. Nazo hidrofluorokaboni, zilizowekwa mahali pake, haziharibu ozoni lakini huongeza joto. Kwa hiyo mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kuzipunguza. Fundi atengenezaye friji ya duka au ya zahanati asiiachilie gesi yake hewani.

Bwana Farman alifariki mwaka 2013. Mwaka 2022 wataalamu walikadiria kwamba, mapatano yakishikwa, ozoni ya Antaktika itarudia hali ya 1980 karibu na mwaka 2066, na ya sehemu nyingi za dunia karibu na 2040. Kwetu, Idara ya Hali ya Hewa imekuwa ikirusha maputo yenye vipimo vya ozoni kutoka Dagoretti Corner tangu mwaka 1996, na mwaka 1999 kituo cha kuchunguza hewa kilifunguliwa katika Mlima Kenya, mlima ule ule uutiliao maji mto wa Uaso Nyiro upitao Sericho.