Nyota Zinazotujia Mbio Kwenye Kioo

Sogeeni, wajukuu. Mmeshaona kwenye katuni chombo kinaruka angani, nyota zinachomoza katikati ya kioo, zinakua, zinapita pembeni, zimekwenda? Hakuna uchawi hapo. Ni hesabu ya kugawanya.

Tuanze na ng'ombe. Jioni kundi likirudi Balangdalalu kutoka malishoni, fumba jicho moja, nyoosha mkono, mpime ng'ombe mmoja kwa kidole. Aliye hatua 100 akifika hatua 50, kimo chake machoni kimekuwa mara mbili. Akifika 25, mara nne.

"Na Mlima Hanang, babu? Mbona tukiusogelea haukui?"

Unakua, mjukuu wangu. Ila kilele kile cha mita 3,417 kiko mbali sana, na hatua zako 50 ni kipande kidogo mno cha safari ya kukifikia. Shikeni hilo: cha karibu hubadilika upesi, cha mbali polepole, na kwa tofauti hiyo jicho linajua kipi kiko wapi.

Sasa kompyuta. Kila nyota hupewa namba tatu: iko upande kiasi gani, iko juu au chini kiasi gani, na iko mbele umbali gani. Kioo ni bapa, hakina mbele wala nyuma. Kwa hiyo programu huchukua namba ya upande ikaigawanya kwa umbali, na ya juu vilevile. Tuseme nyota iko 300 kulia. Umbali ukiwa 100, inachorwa nukta 3 za kioo kutoka katikati. Punguza umbali uwe 99: huoni hata kama imesogea. Umbali 10, nukta 30. Umbali 2, nukta 150. Umbali 1, imeruka hadi 300! Fanya hivyo kwa kila nyota, picha baada ya picha, na anga zima linakujia. Iliyokwisha kupita hurudishwa mbali, mahali papya. Isiachwe ifike umbali wa sifuri, maana hakuna awezaye kugawanya kwa sifuri.

Kwenye ukubwa ndiko wengi wanakoharibu. Nao hugawanywa kwa umbali, lakini usipochungwa, nyota ya ukubwa wa 20 ambayo kwenye umbali wa 10 ilikuwa nukta 2 safi, kwenye umbali wa 1 inakuwa duara jeupe la nukta 20, si nyota tena. Na kwenye umbali wa 100 ni sehemu ya tano ya nukta. Kioo hakina kipande cha nukta cha kuwasha, basi nyota inapepesa ovyo. Wekeni mipaka: isipungue 1, isizidi 3. Ya mbali zaidi ipunguziwe mwanga, upana ubaki.

Mimi naamini mwanga unafaa kuliko ukubwa, kwa sababu anga lenyewe ndivyo lilivyo. Tokeni nje usiku mtazame: nyota zote ni nukta, zimezidiana kung'aa tu. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado ule wa nyota Sirius umesafiri miaka 8.6 kutufikia. Wa Kilimia, kile kishada ambacho wakulima wamekitazama tangu zamani kujua msimu, miaka 440 hivi. Ukimbie kutoka hapa mpaka Singida, hakuna nyota hata moja utakayoiona imesogea kati ya nyota wenzake. Za katuni zinasogea kwa kuwa mchoraji ameziweka karibu.

Lakini wapo waliofuata anga la kweli. Mwaka 1982 wataalamu wa kompyuta wa Lucasfilm, Marekani, walitengeneza kipande cha filamu ya Star Trek II. William Reeves alichora moto kwa maelfu ya chembe, kila chembe na rangi yake, ukubwa wake na muda wake wa kuishi. Nyota za nyuma hawakuzitupa ovyo. Walizitoa kwenye orodha ya nyota za kweli, wakazipanga kama zinavyoonekana kutoka nyota Epsilon Indi, karibu miaka 12 ya mwanga kutoka kwetu. Kutoka huko, kundi la Dubu Mkubwa lina nyota moja ya ziada: Jua letu!

Ukipata kompyuta, anza na nyota 200. Kwanza acha ukubwa bila mipaka, uione fujo yake. Kisha weka mipaka. Halafu zifanye zote nukta 1, ubadilishe mwanga peke yake, uje uniambie ni njia ipi iliyokuonyesha umbali vizuri zaidi.