Kichaa cha mbwa chatishia mbwa mwitu wa milima ya Bale

NENO mbwa mwitu hutumiwa kwa wanyama wawili: yule mwenye mabaka anayewinda kwa makundi huko Laikipia, na yule wa hadithi za Ulaya, ambaye wengi hudhani hajakanyaga Afrika. Dhana hiyo si sahihi. Katika milima ya Ethiopia, kwenye kimo cha zaidi ya mita 3,000, wapo jamaa wa karibu wa yule wa Ulaya, wenye manyoya mekundu, wanaokadiriwa kuwa chini ya 500.

Aliyewachunguza kwa muda mrefu ni Claudio Sillero-Zubiri, mwanabiolojia mzaliwa wa Argentina. Awali alikuwa Kenya, akichunguza fisi wa msitu wa Aberdare, kabla ya kuhamia milima ya Bale mwishoni mwa miaka ya 1980. Huko alibaini kuwa wanyama hao hulinda mipaka pamoja na kusaidiana kulea watoto wa jike mmoja, lakini kila mmoja huwinda panya na fuko peke yake. Windo dogo halihitaji jeshi.

Mapema miaka ya 1990 kichaa cha mbwa kilifyeka zaidi ya nusu ya wanyama katika makundi aliyoyafuatilia. Chanzo kilikuwa mbwa wa wafugaji. Mwaka 1995 alianzisha mradi wa uhifadhi ambao, pamoja na mengine, huwachanja mbwa wa vijijini. Hata hivyo, wafugaji huja na mbwa wapya kila msimu, na mwaka 2003 ugonjwa ulizuka tena katika bonde la Web.

Safari hii walichanjwa mbwa mwitu wenyewe. Hawakuchanjwa wote, 69 tu, hasa waliokuwa kwenye njia nyembamba zinazounganisha mabonde. Ugonjwa ukakosa pa kupitia. Tangu 2018 chanjo pia hutolewa ndani ya chambo cha nyama, hivyo mnyama hahitaji kunaswa.

Kwa mkazi wa Soweto Mashariki, Kibera, au wa Kawangware, ambako mbwa huzurura vichochoroni, hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna njia nyembamba ya kuziba. Wataalamu wa afya hutaka angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huo kufikia 2030. Aliyeumwa anapaswa kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani dalili zikishaanza ugonjwa karibu daima huua.