Joto katika Kizimba cha Chatu

Chatu wa Afrika Magharibi, Python regius, anayefugwa sana majumbani Ulaya na Marekani, hutegemea joto la mahali alipo ili mwili wake ufanye kazi. Kwao, katika mbuga za Ghana, Togo na Benin, hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, na joto lisipomfaa huhama. Kizimbani hana pa kuhamia ila alipotengenezewa. Ndiyo maana kizimba hakipashwi joto sawasawa kote: upande mmoja, pale anapolala, hufikishwa nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili huachwa kwenye nyuzi 24 hadi 27. Maficho huwekwa pande zote mbili, kwa kuwa nyoka huyu ni mwoga. Akikosa maficho upande unaomfaa, atajibanza penye maficho hata kama joto la hapo linamdhuru.

Baridi ikizidi, chakula hakisagiki, naye hukitapika. Ikiendelea, huugua mapafu. Joto likizidi huua upesi zaidi. Tena chatu anaweza kulala juu ya kitu cha moto mpaka magamba ya tumbo yakaungua, bila kuondoka. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa kupashia joto hayafai kabisa.

Kipimajoto cha mshale kinachobandikwa ukutani husoma joto la ukuta na hewa ya hapo, si la sakafu anayolalia nyoka. Kinachohitajika ni vipimajoto viwili vya dijitali vyenye kihisio kwenye ncha ya waya, kila upande kimoja. Kipimajoto cha miale husaidia kukagua sakafu na maficho kwa haraka, lakini si kile cha kupimia homa kwenye paji la uso, ambacho kimetengenezwa kukadiria joto la mwili wa binadamu.

Kila chanzo cha joto huunganishwa kupitia themostati. Mkeka wa umeme unatosheka na themostati ya kuwasha na kuzima. Taa huhitaji ile inayopunguza na kuongeza mwanga polepole. Balbu ya kauri hupasha joto bila kutoa mwanga, hivyo hufaa usiku, ila huwa ya moto mno: hufungwa kwenye soketi ya kauri na kuzungushiwa wavu, maana chatu hupenda kujiviringisha kwenye chochote kilicho juu.

Ajali nyingi huanzia kwenye kihisio cha themostati. Nyoka akikisukuma kikaangukia upande wa baridi, themostati huamini kizimba kimepoa na kuendelea kupeleka umeme, huku mkeka ukizidi kuwaka. Kikilowa maji ya bakuli hutokea vilevile, kwa sababu maji yanapokauka hukipoza. Kwa hiyo kihisio hufungwa imara juu ya mkeka, na vipimajoto husomwa kila siku, kwani themostati yenyewe inaweza kuganda ikiwa imewashwa. Matandazo juu ya mkeka yawe membamba; yakiwa mazito hubana joto chini, na nyoka akichimba hukutana na kioo cha moto.

Umeme ukikatika, kizimba hufunikwa blanketi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo huwekwa ndani. Chatu halishwi tena mpaka joto lirudi na kutulia.