Tusisubiri Mahafali: Ndugu Wamtembelee Mwanafunzi Ughaibuni Mapema
(Sehemu ya Tatu)

Sehemu mbili zilizotangulia zilieleza namna ya kuchagua chuo cha nje na namna ya kupanga ada. Leo tunaingia katika jambo ambalo familia nyingi za Kalangalala, Nyankumbu na Katoro mkoani Geita, na hata Kahama, haziliweki kabisa kwenye hesabu zao, nalo ni kumtembelea mwanafunzi huko huko anakosoma. Desturi iliyojengeka ni kumsindikiza mtoto hadi uwanja wa ndege wa Mwanza, kisha kumsubiri. Mambo yakiwa mazuri, duara la dhahabu likitoa au ng'ombe wakipata bei, ndugu husafiri siku ya mahafali, hupiga picha na mwenye joho, hurudi. Nasema safari hiyo hufanywa wakati faida yake kubwa imeshapita. Ndugu mmoja tu akienda katikati ya masomo, akakaa wiki mbili na kuziishi siku za mwanafunzi kama zilivyo, atamfaa mwanafunzi huyo, na ataifaa familia nzima, kuliko ujumbe wa watu watano unaofika siku ya sherehe.

Suala la wakati lina ushahidi wake. Mwaka 1955 mwanasosholojia wa Norwei, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti kuhusu Wanorwei wenzake 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Aligundua kwamba waliokaa huko chini ya miezi 6 walikuwa wameizoea nchi vizuri kiasi, na waliokaa zaidi ya miezi 18 vivyo hivyo, lakini waliokuwa kati ya miezi 6 na 18 ndio waliokuwa na hali ngumu. Mtu anapofika hubebwa na upya wa mambo. Akishazoea, huwa na marafiki na njia zake. Katikati, upya umekwisha na mazoea hayajaja. Watafiti waliomfuata Lysgaard wamemkosoa kwa kulinganisha watu mbalimbali badala ya kuwafuatilia wale wale kwa muda mrefu, na wengine wameonyesha kwamba kwa wanafunzi wengi miezi ya mwanzo kabisa ndiyo mibaya zaidi. Ukosoaji huo ni wa haki, na hauidhuru hoja yangu. Ukimfuata Lysgaard au ukiwafuata wakosoaji wake, hakuna hata mmoja anayeuweka ugumu mkubwa mwishoni mwa masomo. Sisi tunapeleka faraja pale ambapo haihitajiki sana.

Inafaa pia kuelewa ni upweke wa aina gani unaohitaji faraja hiyo, kwa sababu wazazi wengi hudhani mtoto mwenye marafiki hana upweke. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Weiss, alitenganisha aina mbili. Moja ni kukosa watu wa kuwa nao, wa kucheza, kusoma na kucheka pamoja. Nyingine ni kukosa mtu wa karibu ambaye moyo umemshikilia, na Weiss alisisitiza kwamba aina moja haitibiwi kwa dawa ya nyingine. Mwanafunzi anaweza kuwa na kundi zima la marafiki na bado akalala na pengo ambalo hakuna rafiki wa kuliziba. Nchini Australia, Erlenawati Sawir, Simon Marginson na wenzao walichapisha mwaka 2008 utafiti uliotokana na mahojiano na wanafunzi wa kigeni 200. Karibu theluthi mbili walisema wamewahi kupatwa na upweke, na watafiti hao wakaongeza aina ya tatu: upweke wa utamaduni, yaani kukosa lugha, ladha na namna za kuishi ulizolelewa nazo, hata pale unapokuwa na watu wa kuzungumza nao. Mama au kaka anayefika kutoka Geita anaziba mapengo yote mawili ambayo marafiki hawawezi kuyaziba. Ni mtu wa karibu, na papo hapo anazungumza lugha ya nyumbani, Kisukuma au Kiswahili, anacheka kwa yale yanayochekesha nyumbani, na anajua kwa nini michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ni chakula cha heshima.

Lakini faraja si nusu ya faida ya ziara hiyo. Jambo kubwa zaidi ni kwamba ziara inageuza nafasi za watu. Nyumbani mtoto ndiye anayeelekezwa. Kule, mzazi ndiye mgeni. Mwanafunzi ndiye anayejua basi linalokwenda sokoni, namna ya kulipia kwa kadi, mlango wa maktaba unaofunguka kwa kitambulisho, na duka la Mhindi au la Mnigeria linalouza unga wa ugali. Anayekaribisha hulazimika kujiona kuwa ana mahali pa kukaribishia. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walimtazama mwenyeji wa namna hii: mtu aliyekuwa akijihesabu mpita njia katika mji wa watu, na sasa anamtembeza mama yake katika mji huo kama anayeutawala. Naamini furaha ambayo wanafunzi huionyesha wakati wa ziara hizi chanzo chake ni hapo zaidi ya zawadi zinazoletwa. Kila anapoeleza jambo kwa mgeni wake, anagundua ni kiasi gani amejifunza tangu alipofika.

Kwa upande wa familia, ziara inasahihisha taarifa. Hapa Kanda ya Ziwa, mtu akishapanda ndege huhesabiwa kuwa amepata. Baada ya miezi michache huanza kupokea maombi: ada ya mdogo wake, matibabu ya shangazi, mchango wa harusi, bati za nyumba. Wanaoomba hawana nia mbaya. Hawajui tu sheria zinazomfunga. Uingereza, mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Marekani kikomo ni saa 20 vilevile, na kwa kawaida kazi yenyewe iwe ndani ya chuo. Australia iliweka saa 48 kwa wiki mbili kuanzia Julai 2023, na Kanada saa 24 kwa wiki kuanzia Novemba 2024. Anayevuka mipaka hiyo anahatarisha viza yake na masomo yake. Ujira wa saa hizo huishia kwenye kodi ya chumba, nauli na chakula. Mambo haya yanaweza kuelezwa kwa simu mara kumi na yasiaminiwe, kwa sababu yanasikika kama visingizio. Mama akishakiona chumba chenyewe, akamwona mwanaye akitoka saa 11 alfajiri kwenda kibaruani kisha darasani, ndiye atakayerudi kuwaeleza ndugu, na hakuna atakayembishia.

Wapo wanaosema simu imemaliza haja hiyo. Zamani barua ilichukua wiki kadhaa. Leo mtu wa Kalangalala anamwona mwanaye aliye Beijing au Manchester kwa picha ya moja kwa moja, bila gharama ya kutisha. Hoja hii ina uzito, na ningekuwa wa mwisho kuidharau simu. Hata hivyo, simu huonyesha kile kilichoelekezewa kamera, na anayeielekeza ni mwanafunzi. Kijana anayejua kwamba baba ameuza ng'ombe ili yeye asome hatageuza kamera kuelekea jokofu tupu. Atavaa shati safi, atasema yuko salama, na simu itakatwa pande zote zikiwa zimefichana mambo, kwani nyumbani nako hawakumwambia kuhusu ugonjwa wa babu. Kadiri mazungumzo ya namna hii yanavyorudiwa ndivyo kila upande unavyozidi kulazimika kuitunza sura iliyokwisha kuonyeshwa. Mbele ya mtu mliyelala naye nyumba moja kwa siku kumi na nne, sura hiyo haitunziki.

Wengine wanakumbusha, kwa fahari inayostahili, kwamba wakubwa wetu walisoma bila kutembelewa. Mwalimu Julius Nyerere alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952 na shahada yake. Mchumba wake, Maria, alimsubiri, wakafunga ndoa Januari 1953. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960 katika mpango wa kupeleka wanafunzi Marekani uliohusishwa na mwanasiasa Tom Mboya na familia ya Kennedy, akasoma Kansas kisha Pittsburgh, na hakurudi hadi Januari 1966. Hao hawakutembelewa, na walifaulu. Lakini tuwe waangalifu na ushahidi wa aina hii, maana majina tunayoyakumbuka ni ya waliofaulu. Waliovunjika njiani hawakuandikiwa vitabu, na hatuwezi kuwapima kwa kuwatazama walioshinda. Pia wanafunzi wa kizazi kile walipokelewa kama wajumbe wa mataifa yanayozaliwa. Maathai alikaribishwa na familia za wanafunzi wenzake wakati wa likizo, na kwa namna fulani familia hizo zilishika nafasi ya ndugu walioshindwa kuja. Mwanafunzi wa leo ni mmoja kati ya maelfu ya wageni katika chuo kikubwa, na si rahisi apate bahati hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Nauli ya ndege kwenda Ulaya au Marekani ni fedha nyingi kwa nyumba yoyote ya mkulima wa pamba au mchimbaji mdogo, na ikiwa ada ya muhula bado haijakamilika, ada itangulie. Hapo sina ubishi. Ninachokataa ni dhana kwamba jambo hili ni la matajiri pekee. Kwanza, familia nyingi zinazosema hazina nauli ya mtu mmoja katikati ya masomo hupata nauli ya watu wanne siku ya mahafali. Pili, ughaibuni si Ulaya tu. Vijana wetu wengi wako Uganda, Kenya na Rwanda. Tangu enzi za Nyerere, aliyesoma Makerere kati ya 1943 na 1945, njia ya elimu ya juu kutoka Kanda ya Ziwa imepita Kampala, na kwa barabara Kampala iko karibu na Geita kuliko Dar es Salaam ilivyo. Mtanzania anayevuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda haombi viza. Mzazi anayekwenda Dar kila mwaka kwa biashara, lakini hajawahi kufika Kampala anakosoma bintiye, hakuzuiwa na nauli. Wapo pia wanaosema ni nafuu mwanafunzi aje nyumbani, na aje kweli kila anapoweza. Ila akija, yeye ndiye anayetuona, na maisha yake ya kule yanabaki gizani kama yalivyokuwa.

Kwa wanaolenga mbali, viza inahitaji maandalizi ambayo watu wa eneo la dhahabu huyachelewesha. Ada ya viza ya matembezi ya Uingereza ilikuwa pauni 115 mwaka 2024, ile ya nchi za Schengen imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na mwombaji akinyimwa harudishiwi. Oktoba 2025 Marekani iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo waombaji wake wa viza ya matembezi wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Uingereza, tangu Juni 2013, aliyenyimwa viza ya kutembelea ndugu hana tena haki kamili ya rufaa isipokuwa kwa misingi ya haki za binadamu. Njia iliyobaki ni kuomba upya na kulipa upya. Ombi la kwanza basi ndilo la kulipania. Ofisa wa viza hatafuti utajiri, anataka kujua fedha zimetoka wapi na kama mwombaji ana sababu ya kurudi. Hapa mchimbaji na mnunuzi wa dhahabu huumia, kwa kuwa fedha zao huzunguka mkononi, kisha milioni kadhaa huingizwa benki wiki moja kabla ya ombi na kuonekana kama za kuazima. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, mauzo yana kumbukumbu rasmi. Atunzaye stakabadhi za soko na kupitisha mauzo benki kwa miezi sita au zaidi ana jibu mkononi. Cheti cha kuzaliwa nacho kishughulikiwe mapema. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta takriban mtoto 1 tu kati ya 4 wa chini ya miaka 5 amesajiliwa, na kwa watu wazima wa vijijini hali haiwezi kuwa bora. Mama mdogo aliyemlea mwanafunzi tangu alipokuwa akinyonya ni mama kwetu, ila mbele ya ofisa lazima undugu huo uthibitishwe kwa karatasi.

Limebaki swali la kama ziara inavuruga masomo. Inaweza, ikipangwa vibaya. Mgeni asifike wiki za mitihani, wala asifike likizo kuu ambapo chuo kimefungwa na haoni chochote cha maisha halisi. Wiki za katikati ya muhula zinafaa: mwanafunzi aende darasani kama kawaida, mgeni apumzike au apike, jioni watembee. Mizigo ipangwe kwa sheria za mpokeaji. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huzuia wasafiri kutoka kwetu kuingiza nyama na vyakula vya maziwa, samli ikiwemo, lakini huruhusu bidhaa za samaki hadi kilo 20, na kwa hiyo dagaa wana nafasi kwenye begi. Anayetumwa naye achaguliwe kwa makini. Mara nyingi nafasi hupewa baba kwa cheo chake, au mjomba kwa kuwa ndiye aliyelipa nauli. Kama ziara ni ya kuujua ukweli, aende yule ambaye mwanafunzi humwambia mambo asiyomwambia mtu mwingine, na katika nyumba nyingi za kwetu mtu huyo ni dada mkubwa au bibi.

Sehemu ya nne itahusu mwanafunzi anayerudi Geita na shahada yake, na ajira anazozikuta.