Kabla Hujaziba Ufa, Uliza

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakutuambia ufa tuuzibe kwa kitu gani, wala tumwulize nani. Hapo ndipo akina mama wengi tunapopoteza fedha tulizoziweka kwa shida. Tunanunua saruji, fundi anapiga lipu, nyumba ya urithi inang'aa. Masika yakipita, lipu inabanduka na ufa uko pale pale.

Ijue nyumba yako

Nyumba nyingi za zamani hapa Muheza zilijengwa kwa miti, fito na udongo. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua linapowaka. Ukiufunika kwa lipu ngumu ya saruji, maji yanayopanda kutoka chini au kupenya kwenye nyufa hayana pa kutokea. Udongo unalainika, miti inaoza na mchwa wanapata makao, huku kwa nje ukuta unapendeza. Lipu ya udongo na mchanga, ikipakwa chokaa juu, huuacha ukuta ukauke.

Anza na maji

Subiri siku ya mvua, kisha uizunguke nyumba. Je, bati limetoboka? Maji ya paa yanaangukia wapi? Je, udongo wa uani umerundikana kwenye ukuta? Mara nyingi mtaro mmoja unaopeleka maji mbali na msingi husaidia kuliko mifuko mitano ya saruji. Kuhusu ufa, weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukiona umevuka alama, nyumba bado inatembea, na kuuziba ni kuuficha tu.

Ukarabati nao una hatari

Tukumbuke yaliyotokea Unguja. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakafa. Jumba hilo limo Mji Mkongwe, ambako kuna mamlaka maalumu ya hifadhi tangu mwaka 1985. Ikiwa jumba kama hilo liliweza kuanguka mikononi mwa mafundi, sisi tusimruhusu mtu abomoe ukuta watoto wakiwa wamelala chumba cha pili. Ukuta wa zamani huenda ndio umebeba paa lote.

Maswali ya kumwuliza fundi

Kwanza: ufa huu umesababishwa na nini? Anayejibu "saruji tu, mama" kabla hajaangalia paa na msingi, mshukuru na umwage.

Pili: umewahi kutengeneza nyumba ya udongo wapi, nikaione? Nenda, ukamwulize mwenye nyumba imepitisha masika mangapi tangu itengenezwe.

Tatu: utaegemeza paa kwa nini kabla ya kugusa ukuta?

Usiishie kwa fundi mmoja. Wazee waliokandika nyumba hizi wangali wapo vijijini, kaa nao. Ukuta ukiwa umeinama au ufa unapitisha kidole, nenda ofisi ya mhandisi katika Halmashauri ya Wilaya uombe ushauri kabla ya kutoa hata shilingi ya mchanga. Mkikubaliana na fundi, andikeni, awepo shahidi, na umlipe kwa awamu kadiri kazi inavyokwenda. Dada mjane asione haya kumwomba mzee wa kanisa asimame naye siku hiyo.

Bwana Yesu alipotupa mfano wa wajenzi wawili, mvua iliwanyeshea wote wawili, mwenye akili na mpumbavu. Kilichowatofautisha kilikuwa chini, mahali ambapo mgeni anayepita njiani hapaoni. Basi, mama, kabla hujainunulia nyumba yako rangi, inama kwanza uutazame msingi.