Dhana ya "Dhahiri" katika Sheria ya Hataza: Mfano wa Saketi Zilizochapwa

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kinatakiwa kuyabeba katika uwanja wa sheria, ni machache yenye uzito kama neno dhahiri. Kwa mujibu wa sheria za nchi nyingi, mtu hapewi hataza, yaani haki ya pekee ya kunufaika na uvumbuzi wake kwa muda ambao aghalabu ni miaka 20, iwapo uvumbuzi huo ni dhahiri kwa fundi stadi wa taaluma inayohusika. Sharti hilo limo katika Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001, na Tanzania nayo, katika sheria ya hataza iliyotungwa mwaka 1987, inadai kuwapo kwa hatua ya uvumbuzi. Sheria zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hivyo uteuzi wa neno moja sasa unaweza kumpa mtu haki au kumnyang'anya.

Wapo wafasiri ambao badala ya dhahiri hutumia wazi. Uteuzi huo una kasoro kubwa. Sheria ya hataza ina masharti mawili yanayokaribiana bila kufanana. La kwanza ni upya: jambo lisiwe limekwisha kuwekwa wazi mbele ya umma, kwa maandishi, kwa maonyesho au kwa matumizi. La pili ndilo hili la udhahiri: hata kama jambo halijawahi kuwekwa wazi popote, je, lilikuwa hatua ndogo tu ambayo fundi yeyote angeifikia? Neno wazi likitumiwa kwa yote mawili, mwombaji atakayethibitisha kwamba kitu chake hakijawahi kuonekana duniani atadhani amekwisha kushinda, na hakimu naye huenda akamwafiki. Dhahiri, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kile kinachojitokeza nje, linafaa zaidi, ila nalo lina upungufu wake: katika matumizi ya kila siku halisemi ni dhahiri kwa nani. Kisheria, swali la "kwa nani" ndilo roho ya dhana nzima.

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa uzuri ni ule wa saketi zilizochapwa. Paul Eisler, mhandisi aliyezaliwa Vienna mwaka 1907, alihamia Uingereza mwaka 1936. Wakati huo nyaya za redio ziliunganishwa na kulehemiwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Eisler alibuni njia ya kubandika foili ya shaba juu ya ubao usiopitisha umeme, kuchapa mchoro wa saketi juu ya foili hiyo kwa wino usioliwa na kemikali, kisha kuuzamisha ubao katika kemikali inayoila shaba isiyofunikwa na wino. Kinachobaki ni mchoro wenyewe, nao ndio nyaya. Kampuni iliyompokea, Henderson and Spalding, ilikuwa ya wachapaji wa litografia, na ombi la hataza liliwasilishwa mwaka 1943.

Je, njia hiyo ilikuwa dhahiri? Mambo yaliyotangulia hayakuwa machache. Mwaka 1903 Albert Hanson alikwisha kuomba hataza Uingereza kwa vipitishi bapa vya foili vilivyobandikwa juu ya kihami. Mwaka 1925 Charles Ducas wa Marekani alieleza namna ya kupitisha wino unaopitisha umeme katika kiolezo hadi juu ya kihami. Na kuila metali kwa kemikali kulikuwa kazi ya kale ya wachonga sahani za uchapaji. Kila kipande cha uvumbuzi wa Eisler, kikitazamwa peke yake, kilikuwa na baba yake.

Mahakama za nchi mbili zilitazama vipande hivyohivyo kwa macho tofauti. Nchini Marekani, katika shauri la Technograph dhidi ya Bendix, mahakama ya Maryland iliamua mwaka 1963 kwamba hataza hizo si halali kwa kuzingatia maarifa yaliyotangulia, na mahakama ya rufaa ikaafiki mwaka 1964. Nchini Uingereza, shauri la Technograph dhidi ya Mills and Rockley lilifika hadi Baraza la Malodi, na hukumu yake, iliyochapishwa katika ripoti za mashauri ya hataza mwaka 1972, ikaiona hataza kuwa halali. Katika hukumu hiyo Lodi Diplock alitoa tahadhari ambayo wanasheria wa hataza wanairejea hadi leo: uvumbuzi ukishafanyika na kufaulu, ni rahisi kurudi nyuma na kupanga hatua ndogondogo zinazouelekea, kila hatua ikaonekana nyepesi. Wepesi huo ni wa mtu anayelijua jibu.

Wasemaji wa Kiswahili hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani limo katika sanaa yao ya vitendawili. Mtegaji hutega, wasikilizaji hubahatisha mpaka wakakiri kushindwa, naye hudai apewe mji kabla ya kutegua. Akishategua, watoto wote hucheka: nyumba isiyo na mlango ingekuwa nini tena kama si yai? Hata hivyo hakuna anayemnyang'anya mtegaji mji wake kwa sababu jibu limekuwa jepesi baada ya kusikika. Mkaguzi wa hataza anayesema "hili lilikuwa dhahiri" huku hati ya mvumbuzi iko mezani pake anafanya jambo ambalo mchezo huo haukubali.

Tofauti nyingine iko katika sura ya huyo fundi stadi. Naye si mtu halisi, ni mhusika wa kubuniwa na sheria, na kila mahakama humchora kwa namna yake. Katika shauri la Mills and Rockley, Lodi Reid alimchora kama mtu aliyesoma kila hati inayohusika na kuielewa yote, lakini hana hata chembe ya ubunifu. Marekani ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2007, katika shauri la KSR dhidi ya Teleflex lililohusu kanyagio la gari, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema kwamba fundi wa kawaida ana ubunifu wa kawaida pia, wala si mashine isiyofikiri. Fundi akiwa mwerevu, mambo mengi zaidi huwa dhahiri kwake, na hataza chache zaidi hupona. Katika Kiswahili neno fundi lina heshima: fundi wa jahazi au wa kuchonga milango hutarajiwa kubuni. Msomaji wa sheria iliyofasiriwa ataelekea, pasipo kukusudia, kumfikiria fundi wa Kimarekani kuliko yule wa Lodi Reid. Mfasiri asiyetaka hivyo hana budi kuongeza ufafanuzi.

Sarufi nayo ina neno lake. Wakaguzi wa Ulaya hutenganisha maswali mawili: fundi angeweza kufanya hivyo, na fundi angefanya hivyo. Linaloiangusha hataza ni la pili tu. Kiswahili kinaitenganisha tofauti hii bila taabu, kwa kuwapo au kutokuwapo kwa kitenzi -weza. Ugumu uko kwenye wakati. Swali linahusu siku ombi lilipowasilishwa, jambo lililopita na lisiloweza kurudi, na kwa mujibu wa sarufi za kimapokeo mahali hapo ni pa -ngali-: fundi angalifanya. Lakini wasemaji wengi wa leo hutumia -nge- kwa yaliyopita na yaliyopo, na wanasarufi wamekwisha kulijadili hilo vya kutosha. Ikiandikwa "angefanya", msomaji anaweza kumweka fundi katika siku ya hukumu, akiwa na maarifa ya miaka kumi ya ziada. Ni afadhali kutumia -ngali- pamoja na kuitaja tarehe ya ombi, kuliko kukitegemea kiambishi kimoja ambacho nguvu yake imepungua.

Uchapaji wa elektroniki wa siku hizi unaonyesha jinsi maswali haya yanavyobana. Huchapwa wino wa fedha (madini, si sarafu, Kiswahili hakijawaonea huruma watafsiri hapa) juu ya plastiki ya PET, ile ya chupa za maji. Fedha ya kawaida huyeyuka kwa nyuzi 961 za Selsiasi. Chembe zake ndogo sana huungana kwa joto lililo chini mno ya hapo, lakini plastiki hiyo huanza kujikunja joto likipita takriban nyuzi 150. Tuseme mwombaji anadai njia ya kumulika wino kwa mwako wa taa wa takriban milisekunde moja, ambao metali huufyonza na kupata moto ilhali plastiki angavu huupitisha bila kuungua. Tuseme pia hati moja ya zamani ilieleza kukausha wino huo katika tanuri juu ya kauri, na nyingine ikaeleza kukausha rangi kwa mwako wa taa. Mkaguzi akiuliza kama fundi angaliweza kuziunganisha hati hizo, jibu ni ndiyo. Akiuliza kama angaliziunganisha, hana budi kutafuta sababu ambayo ingalimsukuma siku ile: je, tatizo la plastiki kujikunja lilikuwa likijulikana, na hati ya rangi ilisema lolote kuhusu kuilinda sehemu iliyo chini ya rangi? Kama hati hiyo ilikuwa imeonya kwamba mwako hupasua tabaka za metali, ombi hilo lina nguvu. Kama ilisifu njia hiyo kwa kutoharibu karatasi iliyo chini, mwombaji atakuwa na kazi kubwa ya kuthibitisha kwamba alichokifanya kilizidi kubadili karatasi kwa plastiki.